Kingo za Shamba na Mkate wa Ijumaa

Soma Mambo ya Walawi 19:9, 10; Ruthu 2:15–17; Yohana 6:12, 13.

Ndugu mmoja katika imani anaoka mikate Mbagala, wilayani Temeke. Kila Ijumaa hufunga kabla jua halijazama, na hafungui tena mpaka Jumapili asubuhi. Kwa joto la Dar es Salaam, mkate wa Ijumaa ukifika Jumapili hauuziki. Kwa muda mrefu iliyobaki aliitia katika mifuko, gari la taka likaichukua kwenda dampo la Pugu Kinyamwezi pamoja na taka nyingine za jiji. Ijumaa moja mjane wa kanisani aliikuta mifuko hiyo mlangoni, akauliza tu, "Baba, na hii nayo ni ya kutupa?" Akaingia Sabato na swali hilo.

Tusimhukumu haraka. Alikuwa amekwisha kujaribu kugawa. Wiki ya tatu wateja walishaijua saa yake. Wakaacha kununua mchana, wakasubiri jioni. Mauzo yakashuka, na deni la unga halingoji.

Wenye hoteli na maduka makubwa wana sababu zinazofanana na hiyo. Mtu akiumwa tumbo, watalaumiwa wao. Mpishi akiruhusiwa kubeba masalio, huenda kesho akapika zaidi makusudi. Ndiyo maana kuna mahali ambapo chapati iliyobaki ikikutwa mkobani mwa mfanyakazi getini huitwa wizi, ingawa dakika chache baadaye ingetupwa. Tena kugawa kunadai gari, mafuta na jokofu, bali kutupa kumekwisha kulipiwa katika ada ya taka. Hofu ya ugonjwa si kisingizio kitupu. Wali uliolala bila jokofu si sadaka, na asiyethubutu kuula mwenyewe asimpelekee yatima.

Serikali nyingine zimeingilia kati. Mwaka 2016 Ufaransa ilipitisha sheria inayokataza maduka makubwa, yaani yenye zaidi ya mita za mraba 400, kuharibu chakula kinachofaa kuliwa. Yanatakiwa kufanya mapatano na vyama vya hisani. Lakini mwoka mikate wa Mbagala asingeguswa na sheria kama hiyo. Kwake jambo linabaki kuwa la dhamiri.

Sasa angalia kwa makini agizo la Walawi. Mungu hakumwambia mwenye shamba avune yote, auze, kisha atazame kama kuna masalio. Alimwambia asivune mpaka pembeni. Sehemu ya maskini na mgeni ilitengwa nafaka ikiwa bado imesimama, kabla faida haijahesabiwa. Mizabibu nayo ilikuwa hivyo. Boazi alizidisha: aliwaagiza wavunaji wake wachomoe masuke katika miganda na kuyaacha makusudi. Mhasibu wa leo angeyaandika hayo chini ya hasara.

Je, agizo hilo linajibu tatizo la wateja wanaosubiri jioni? Nadhani linajibu kwa sehemu. Walioruhusiwa kuokota walitajwa: maskini, mgeni, na katika Kumbukumbu la Torati 24:19 yatima na mjane pia. Mwenye fedha hakuwamo. Naye Ruthu hakupewa kifurushi mlangoni. Aliokota hata jioni, akayapura aliyoyaokota, akarudi kwa mkwewe na kiasi cha efa moja ya shayiri. Aliingia shambani kwa haki aliyopewa na sheria.

Ndugu yetu alibadilisha mpango. Siku hizi Ijumaa anaoka kidogo zaidi ya nusu ya mikate ya siku nyingine, na asubuhi, mikate ikiwa bado ya moto, anatenga ishirini kabla ya kufungua duka. Akina mama wa Dorkasi huipeleka katika nyumba wanazozijua. Jioni hakuna cha kusubiri. Bado kuna wiki ambazo inabaki, na mama auzaye vitumbua jirani amelalamika kwamba nyumba mbili kati ya hizo zilikuwa wateja wake. Hilo halijapata jibu.

Yesu, aliyeweza kuongeza mikate tena kesho yake, aliagiza vipande vikusanywe. Vikapu kumi na viwili vilijaa. Yohana hatuambii nani alivila. Na tusiwanyoshee kidole wafanyabiashara peke yao: ripoti ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira ya mwaka 2024 ilikadiria kwamba mwaka 2022 zilitupwa tani bilioni 1.05 za chakula duniani, na asilimia 60 hivi zilitoka majumbani.

Katika kazi yako au jikoni kwako, ni wakati gani sehemu ya mhitaji huamuliwa: kabla ya hesabu au baada yake? Ungemjibuje mama wa vitumbua?