Fatwa Hutangulia Risasi

Septemba 2004, baada ya watu zaidi ya 330, wengi wao watoto, kuuawa katika utekaji wa shule ya Beslan, Urusi, mwandishi wa Saudia Abdulrahman al-Rashed aliandika katika gazeti la Asharq al-Awsat kwamba Waislamu hawataweza kusafisha jina lao wasipokiri ukweli wa aibu kwamba ugaidi umekuwa kazi ya Waislamu. Kauli hiyo iliwaudhi wengi, lakini ushahidi ulikuwapo. Mwandishi wa Misri Farag Foda aliuawa kwa risasi Cairo mwezi Juni 1992, siku chache tu baada ya kundi la wanazuoni wa Al-Azhar kumtuhumu kwamba anaukufuru Uislamu. Kesi ilipofika mahakamani, Sheikh Muhammad al-Ghazali alitoa ushahidi kuwa murtadi anastahili kuuawa. Wauaji walikuwa wamekuta hoja iko tayari. Kazi yao ikawa kufyatua.

Wapo wanaosema chanzo hasa cha ugaidi ni umaskini, udikteta na uvamizi wa Iraq wa 2003. Umaskini peke yake hautoshi: Osama bin Laden alitoka katika familia ya matajiri, na naibu wake, Ayman al-Zawahiri, alikuwa daktari. Udikteta, hata hivyo, ni hoja nzito, kwani mwanafikra wa Misri Sayyid Qutb alikomaza itikadi yake ya takfiri, yaani kuwatangaza Waislamu wengine kuwa makafiri, katika jela za Rais Nasser. Hapo ndipo waliberali wanaoitegemea dola isafishe mimbari wanapokosea. Serikali inayotesa haina uso wa kuhubiri uvumilivu. Fikra ya kuua inahitaji kupingwa hadharani na watu walio huru kusema.