Maji ya Moto Huruka

Mwanangu, umeniambia wamekupanga kituo cha afya wilayani na daktari ni wewe peke yako. Basi kaa nikwambie jambo ambalo chuoni mlilipitia kwa saa moja tu.

Nilipokuwa na umri wako, aliletwa mtoto wa miaka mitatu ameungua miguu yote miwili. Alikanyaga beseni la maji ya kuoga, nikaambiwa. Nikasafisha, nikafunga, nikaandika kwenye faili: ajali. Kumbe macho yalishaona. Kidonda kilikomea juu ya kifundo, mstari umenyooka kama soksi, kulia sawa na kushoto. Mtoto akikanyaga maji ya moto mwenyewe huchomoa mguu haraka. Maji huruka, doa hapa, doa pale. Mstari ule ni wa mtoto aliyeshikiliwa. Lakini baba yake tulikuwa tukisali safu moja. Hiyo ndiyo sababu, usitafute nyingine. Miezi miwili baadaye mtoto yule alirudi na mkono uliovunjika. Sikuwa zamuni, muuguzi mmoja mkimya ndiye aliyekwenda kwa afisa ustawi wa jamii.

Hata wakubwa yaliwakuta. Mwaka 1946 John Caffey, bingwa wa eksirei Marekani, alieleza watoto sita wenye damu iliyovia juu ya ubongo pamoja na mifupa iliyovunjika, bila maelezo ya kutosha ya chanzo. Picha alikuwa nazo mkononi. Ilipita miaka 16 ndipo Henry Kempe na wenzake, mwaka 1962, wakaandika waziwazi kwamba watoto wa namna hiyo hupigwa.

Kwa hiyo usingoje uhakika ndipo utoe taarifa. Kumtafuta aliyetenda ni kazi ya polisi, wana Dawati la Jinsia na Watoto. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto ya 2009 kinamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa aifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Lakini kisome vizuri: kinamtaja mzazi mwenye uwezo anayekataa kumpa mtoto chakula au matibabu. Mwenye uwezo! Mama aliyetembea tangu alfajiri kukuletea mtoto mwenye utapiamlo, huyo mtafutie lishe, si polisi. Nimewaona madaktari wakiukaripia umaskini, halafu akiingia mwenye gari wanamwita mzee.

Mtoto ambaye hajaanza hata kutambaa, michubuko ameitoa wapi? Ila jifunze kuyatambua mabaka ya kuzaliwa ya matakoni, usije ukamzulia mtu. Na mtoto akibakwa, zile saa 72 za kuanza dawa za kuzuia VVU hazingoji fomu ya polisi, PF3. Tibu, fomu itafuata.

Ukizungumza na mtoto usimuulize, "Baba alikupiga?" Muulize, "Ilikuwaje?" kisha nyamaza, hata foleni ikinung'unika nje. Andika maneno yake kama yalivyotoka, chora mwili, onyesha kila jeraha na ukubwa wake.

Mtaani watajua ni wewe uliyetoa taarifa. Mshirikishe muuguzi mfawidhi mapema, mzigo usikuelemee peke yako, lakini kununiwa utanuniwa. Mimi kwa kesi yangu ya pili nilinuniwa mwaka mzima. Waliporudi kunisalimia, nilikuwa nimeshazoea kununua sukari mtaa wa pili.