Dhiki Isiyoua

Watu wote hukubali kuwa mauti ni msiba na kuwa upofu ni hasara kubwa. Serikali ikiambiwa kwamba maradhi fulani huua au hupofusha, hutafuta fedha ya kuyapiga vita. Lakini ziko dhiki ambazo haziui wala hazipofushi. Humtesa mtu usiku na mchana, humharibia sura, humtenga na wenzake, kisha humwacha hai na macho yake yakiona. Je, mwenye dhiki ya namna hii ana haki gani mbele ya elimu na mbele ya hazina ya umma? Swali hili la maadili lilipata jibu Afrika Magharibi mwishoni mwa karne ya 20, na miongoni mwa waliolijibu alikuwamo mwanamke mmoja, mwalimu wa chuo kikuu, ambaye elimu yake ilikuwa elimu ya vimelea.

Maradhi yenyewe ni usubi. Inzi mdogo mweusi, azaliaye katika mito yenye maji yaendayo kasi, humwuma mtu na kumwachia vijidudu. Vijidudu hivyo hukua vikawa minyoo, hukaa katika vinundu chini ya ngozi, na mnyoo jike huweza kuishi miaka 10 au zaidi akizaa watoto maelfu kwa maelfu. Watoto hao, wadogo hata jicho lisiwaone, hutembea katika ngozi na kuingia machoni. Wafapo, mwili hufura na kuwaka. Machoni huleta upofu. Katika ngozi huleta mwasho usiosemeka, vipele, mikunjo kama ya ngozi ya mjusi, na madoa ya miguuni yafananayo na madoa ya chui.

Mwaka 1974 ulianza mpango mkubwa wa kuupiga vita ugonjwa huu katika nchi 7 za Afrika Magharibi, ambazo baadaye zilifika 11, Nigeria haikuwamo. Ndege zilinyunyiza dawa juu ya mito ili kuua mazalio ya inzi, maana mabonde yenye rutuba yalikuwa yamehamwa na watu kwa kuogopa upofu. Mpango huo ulidumu hata mwaka 2002, na sifa yake haina shaka. Lakini pamoja na sifa hiyo ilienea fikira moja: kwamba usubi ni upofu, na pasipo upofu hapana usubi wa kuhangaikiwa. Katika nchi za misitu, ambako ugonjwa hupofusha watu wachache zaidi na huharibu ngozi za watu wengi, mwasho ulihesabiwa kuwa udhia mdogo wa watu wa shamba.

Daktari Uche Veronica Amazigo, Mnigeria, alipata shahada yake ya juu katika Chuo Kikuu cha Vienna, kisha akafundisha katika Chuo Kikuu cha Nigeria huko Nsukka. Angaliweza kuishi na darubini yake kwa heshima hata kustaafu. Lakini vijijini aliwakuta wanawake waliojikuna hata ngozi ikatoka damu, walioficha miili yao kwa haya, na ambao dhiki yao haikuwa na safu katika daftari za wataalamu. Akafanya jambo ambalo ni rahisi kulisema na si rahisi kulitenda: aliwauliza wenyewe. Makala aliyoitoa mwaka 1994 ilionyesha jinsi ugonjwa huu unavyodhuru umri wa wasichana kuolewa na unyonyeshaji wa watoto. Msichana mwenye ngozi iliyoharibika alikawia kuposwa. Mama mwenye mwasho alimwachisha mtoto ziwa mapema. Hivyo udhia uliodhaniwa kuwa wa juu ya ngozi ulikuwa umeingia katika ndoa na katika kinywa cha mtoto mchanga.

Mwaka 1995 ilitolewa taarifa ya uchunguzi uliofanywa katika nchi kadhaa za Afrika, chini ya mpango wa utafiti wa maradhi ya nchi za joto ulioko Geneva. Mkurugenzi wa kwanza wa mpango huo, tangu 1976 hata 1986, alikuwa Mnigeria mwingine, Profesa Adetokunbo Lucas, aliyekuwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Ibadan. Taarifa ilithibitisha uzito wa usubi wa ngozi. Mwaka huo huo ulianzishwa Mpango wa Afrika wa Kudhibiti Usubi, wenye makao Ouagadougou, kwa ajili ya nchi zilizokuwa zimeachwa nje. Nigeria ilikuwamo, na Kongo, Uganda, Burundi na Tanzania pia. Amazigo aliingia katika kazi hiyo, akawa mkurugenzi wake toka 2005 hata 2011.

Mwenye kupinga atasema kwamba fedha ni haba, na kwamba penye uhaba ni haki kumtangulizia kipofu kabla ya mwenye kujikuna. Hoja hii ina nguvu, na mtu mwadilifu hawezi kuitupa. Walakini ina dosari katika msingi wake. Anayetanguliza lazima awe amepima vyote viwili. Na hapa kimoja kilipimwa, cha pili kikakisiwa na watu ambao hawakupata kulala macho usiku kwa mwasho. Kukosa kuwekwa katika mizani si sawa na kuwa mwepesi. Mwasho ungalipimwa ukaonekana hafifu, wenye nao wangalishindwa kwa haki. Dhuluma ilikuwa kuwahukumu kabla ya kuwasikiliza.

Swali la pili lilifuata. Dawa ilikuwapo: kampuni ya Merck ya Marekani ilitangaza mwaka 1987 kuwa itatoa bure dawa ya Mectizan kwa ugonjwa huu, kwa kiasi chochote na kwa muda wowote itakapohitajika. Dawa hiyo huua watoto wa mnyoo lakini haiui mnyoo mkubwa, kwa hiyo hutakiwa kumezwa kila mwaka kwa miaka mingi. Nani ataifikisha katika vijiji visivyo na barabara wala mganga? Njia iliyochaguliwa, ambayo Amazigo aliitetea kwa bidii, ilikuwa kuwaachia wanavijiji amri: wachague wenyewe mgawaji, wapange wenyewe siku na mahali. Mgawaji hakuhitaji mizani ya kupima uzito. Alipewa fimbo yenye alama; mtu akisimama kando yake, kimo chake huonyesha idadi ya vidonge.

Imani hii kwa wanavijiji haikuwa huruma tupu; ilikuwa na akili ndani yake. Mwanamke mwenye mimba hapewi dawa hii mpaka ajifungue. Msafara wa waganga ukija siku moja na kuondoka, mjamzito hubaki na mwasho wake mpaka mwaka mwingine. Jirani yake aliyekabidhiwa vidonge anajua siku aliyojifungua, na humpelekea kidonge chake. Kufikia mwaka 2010 watu zaidi ya milioni 70 walipata dawa kwa mwaka kwa njia hiyo.

Hata hivyo, kazi njema nayo ina deni lake. Wagawaji wengi walifanya kazi bila mshahara. Je, ni insafu kumwomba maskini kazi ya bure, hali wakubwa wanaomsifu hulipwa? Wako wasemao kuwa heshima ya kuchaguliwa na jamaa zake yamtosha. Heshima ni kitu kikubwa, lakini hainunui chumvi, na shamba la mgawaji halijilimi siku anapozunguka nyumba kwa nyumba. Yeyote aliyejifunza kutodharau mwasho asiodhihirika hana udhuru wa kudharau uchovu usiodhihirika. Kanuni ni ile ile: aulizwe mwenyewe, na jibu lake litiwe katika hesabu.

Mwaka 2012 Amazigo alitunukiwa Tuzo ya Prince Mahidol ya Thailand, na Januari 2025 Niger ilithibitishwa kuwa nchi ya kwanza ya Afrika kuukomesha usubi. Haya ni matunda ya mikono mingi na ya miaka mingi. Lakini kwa mwanachuo funzo lililo karibu zaidi ni la mwanzo wa safari. Elimu humpa mtu jina la mnyoo, umri wake na njia zake zote. Haimwambii ni mateso ya nani yanayostahili kuulizwa. Hilo ni juu ya tabia yake. Na kijiji kilicho jirani na chuo kikuu kina haki ya kudai kwamba wasomi wake, kabla ya kusema kuwa jambo fulani ni dogo, wafike wamwulize anayelibeba.