Na Anayeuguza, Nani Amjulie Hali?

Ndugu msomaji, dini yetu imetuhimiza kumzuru mgonjwa, nasi kwa hilo hatujambo. Mtu akiugua hapa Chiola, uwanja hujaa majamvi, na kila aingiaye humuuliza mgonjwa amekuchaje. Lakini yule aliyekaa ubavuni pake, aliyekesha usiku wa tatu, hatumwulizi. Twamkuta hapo kama tunavyoikuta nguzo ya nyumba.

Nami nilikuwa katika hao wasiouliza. Binti wa marehemu mdogo wangu ana mtoto mwenye selimundu, maradhi ya damu ambayo mtoto huyarithi kwa baba na mama wote wawili, ingawa huku kwetu lawama twamtwisha mama peke yake. Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilitangaza kuwa imewapandikiza uloto watoto wenye maradhi haya, na baadaye mtoto wetu naye akapelekwa. Uloto ni kile kitu laini kilichomo ndani ya mifupa, ambamo damu hutengenezwa. Hutolewa kwa sindano katika nyonga ya ndugu aliyelingana na mgonjwa, na kwa ndugu wa baba mmoja na mama mmoja bahati ya kulingana ni moja katika nne.

Mgonjwa kwanza hupewa dawa kali za kuua uloto wake, kisha hutiwa ule mpya kwa mshipa, kama atiwavyo damu. Hapo ndipo penye kungoja. Wiki mbili, tatu, pengine nne, mtoto hana kinga, amewekwa chumba cha peke yake, kinywa kina vidonda, na homa kidogo tu yatisha. Mama amo humo pamoja naye. Na aliyetoa uloto naye ni mwanawe, mtoto wa miaka minane aliyeachwa kwa jamaa, asiyeelewa kwa nini mama haji kumtazama yeye.

Usiku mmoja akanipigia simu. "Baba mkubwa, nimechoka. Wakati mwingine natamani yaishe tu, kwa vyovyote." Nikamjibu kwa ukali kwamba hayo si maneno ya Mwislamu, asubiri. Akasema, "Nimesubiri, baba." Hakunipigia tena mwezi mzima.

Waama nilikosea, na kosa langu ni la elimu kabla ya kuwa la moyo. Nimesomesha Sura ya Yusuf miaka arobaini. Nabii Yaqub ndiye aliyeahidi subira njema, na ndiye huyo huyo aliyelia hata macho yake yakawa meupe. Machozi hayakumtoa katika subira. Wala kuchoka si kumkataa Mwenyezi Mungu. Mwili uliokesha husema maneno ambayo moyo haukuyakusudia, na binti yule aliyasema hali amemshika mwanawe mkono.

Tena tazama habari ya Sayyidna Uthman. Mwaka wa pili wa Hijra, Waislamu walipotoka kwenda Badr, Mtume (S.A.W.) alimwacha Madina amwuguze mkewe, Bibi Ruqayya. Bibi huyo alifariki, lakini Uthman alipewa fungu lake la ngawira kama mtu aliyekuwako vitani. Basi kuuguza kulihesabiwa sawa na kusimama Badr, hata mgonjwa alipokuwa hakupona! Lakini watu wa Badr walikuwa mia tatu na zaidi. Binti yetu tulimpeleka peke yake.

Hilo ndilo linalonichoma. Sisi tuliobaki, ndugu wa baba na wa mama, tulikuwa kumi na mmoja wenye nguvu zetu. Kila mmoja alituma pole kwa simu, na neno "subiri" lilitutosha, kwa kuwa halina nauli. Ni wepesi sana kumhubiria subira mtu ambaye hatutaki kumpokea zamu.

Tulipouza ufuta tulimpeleka mdogo wake Dodoma. Mgonjwa alikwisha toka chumba kile, wamepanga karibu na hospitali kwa ajili ya kliniki na dawa za miezi mingi. Mdogo mtu akapokea dawa na sufuria. Kesho yake simu ikalia, ni yule binti. Alilala tangu magharibi, akazinduka jua limepanda, Isha imempita na Alfajiri imempita. Akaniuliza kwa woga kama ana dhambi. Nikamwambia azikidhi sala zake mbili, kisha arudi kulala.