BAKSHISHI KWA ALIYETUHUDUMIA VIBAYA: TUTOE AU TUZUIE?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo: katika darasa yetu ya baada ya Isha liliulizwa suala ambalo baadhi ya waliohudhuria walilicheka, wakaliona ni dogo mno. Muulizaji alisema: mtu akila katika mkahawa, akahudumiwa vibaya, je, yampasa kumpa mtumishi bakshishi kama ilivyo ada, au ana haki ya kuizuia ili iwe adabu kwake?

Sisi hatukucheka. Jambo lolote ambalo ndani yake mna mali ya mtu na moyo wa mtu si jambo dogo, wala dini yetu haikuacha mlango wa chakula bila ya kuutia adabu. Na tena sababu yetu ya kutocheka ni kwamba suala hili lilikwisha kutupata sisi wenyewe, nasi hatukulijibu kama ilivyopasa. Basi twaona kheri kueleza yaliyotokea, kisha tuseme tunaloliona.

Tulikuwa watu wanne kutoka pwani, tukienda Kajiado kumtazama ndugu yetu aliyehamia huko kwa biashara ya mifugo. Aijuaye njia hiyo ajua kwamba ukishaiacha barabara kuu ya Mombasa pale Athi River na kushika ile iendayo Namanga, mji wa kwanza mkubwa ni Kitengela, kisha Isinya, kisha ndiyo Kajiado yenyewe. Kitengela ni mji uliokua upesi kwa ajili ya ujirani wake na Nairobi, nao una sifa ya nyama ya kuchoma. Mteja huichagua mwenyewe nyama ikiwa imetungikwa, hupimiwa kwa kilo, kisha huketi kungoja mpaka ichomwe, ikatwe juu ya ubao na kuletwa pamoja na ugali na kachumbari.

Tulipokwisha sali Adhuhuri tuliingia katika mkahawa mmoja wa Waislamu, tukapimiwa kilo mbili, tukaketi. Tulingoja zaidi ya saa. Kijana aliyekuwa akitumikia meza yetu hakutuamkia. Maji ya kunawa tuliyaomba mara mbili. Nyama ilipokuja, ugali haukuja; na ugali ulipokuja, nyama ilikuwa imepoa. Kachumbari haikuonekana kabisa. Na hesabu ilipoletwa, ilikuwa na soda moja ambayo hakuna aliyeinywa kati yetu. Tulipomwambia, aliifuta pasi na kusema neno.

Hapo wenzetu wakakhitalifiana. Wa kwanza, naye ni mfanya biashara, alisema: “Mimi sitoi kitu. Bakshishi ni malipo ya kazi nzuri, na hapa hapana kazi nzuri.” Wa pili, mzee wetu, alisema: “Tutoe kama kawaida, wasije wakasema watu wa pwani ni mabakhili.” Wa tatu, aliye mdogo wetu, hakusema neno, alitoa shilingi moja, akaitupa katikati ya sahani yenye mifupa na mafuta, ili kijana aione na afahamu. Sisi tulinyamaza. Yule kijana akaja, akaiokota ile shilingi, akaipangusa kwa kitambaa, akaitia katika mfuko wa shati, akasema: “Ahsanteni wazee, safari njema.”

Tangu hapo hatukustarehe. Twaungama mbele ya wasomaji wetu kwamba katika watu wanne wa meza ile, mwenye adabu iliyo bora wakati wa kuagana alikuwa ni yule tuliyemhukumu kuwa hana adabu.

Tulipofika Kajiado, baada ya Magharibi, tulilitaja jambo hili mbele ya mwenyeji wetu. Naye ana mtoto wa ndugu yake afanyaye kazi ya meza katika mkahawa mwengine. Akamwita, akamwambia atueleze kazi yake. Kijana akasema: “Sheikh, mimi naingia saa kumi na mbili alfajiri na kutoka usiku. Mwenzangu akiwa mgonjwa, meza zake huwa zangu. Gilasi ikivunjika nakatwa. Mteja akitoroka na deni, hesabu yaniandama mimi. Na bakshishi mnazotoa hutiwa katika sanduku, na ufunguo anao tajiri.” Ami yake akamuuliza: “Na mshahara?” Akajibu: “Mshahara upo, ami, lakini siku yake haijulikani.”

Hatusemi kwamba kijana wa Kitengela alikuwa katika hali hiyo hiyo. Hilo hatulijui. Na hiyo ndiyo hoja yetu: hatukujua, wala hatukuuliza, na juu ya hivyo tulitoa hukumu, mmoja kwa ulimi, mmoja kwa shilingi, na sisi kwa kunyamaza.

Sasa tuje katika suala lenyewe. Ndugu msomaji, twaona watu wengi hukosea kwa sababu wamechanganya hesabu tatu zilizo mbali mbali.

Hesabu ya kwanza ni bei ya chakula. Hii ni baina ya mlaji na mwenye mkahawa, nayo ni biashara kama biashara nyengine. Ikiwa nyama ni mbichi, au kimeletwa kisichoagizwa, au hesabu imezidishwa, hiyo ni aibu katika kitu kilichouzwa, na mnunuzi ana haki ya kukirudisha au kudai haki yake. Lakini amdai muuzaji. Atakayeonja nyama mbaya, akamlipa tajiri kamili bila ya kulalamika, kisha akamnyima mtumishi ili kufidia, huyo amelichukua deni la mwenye nguvu akalitia shingoni mwa mnyonge.

Hesabu ya pili ni ujira wa mtumishi. Huu ni baina ya mtumishi na tajiri wake, na mlaji hamo. Sharia yetu imeshurutisha ujira uwe maalumu, ujulikane kiasi chake, na Mtume wetu ametuhimiza kuutoa bila ya kuchelewesha, kabla ya jasho la mtu kukauka. Katika Kenya mshahara wa chini hupangwa kwa amri ya Serikali, na upo Muungano wa wafanya kazi wa mahoteli, KUDHEIHA. Basi asidhani tajiri kwamba ukarimu wa wateja humwondolea deni lake. Tazameni Marekani: huko sheria ya nchi nzima inamruhusu tajiri kumlipa mtumishi wa meza dola 2.13 kwa saa, kiasi ambacho hakikupandishwa tangu mwaka 1991, mradi bakshishi zifikishe jumla ya dola 7.25. Maana yake ni kuwa riziki ya mtu imetundikwa katika hali ya nafsi ya kila ajaye kula. Kwa upande wa pili, Japani hakuna ada ya bakshishi, na watu huhudumiwa vizuri. Hili latuonyesha kwamba huduma njema haiji kwa vijisenti vilivyoachwa mezani. Huja kwa mafunzo, na kwa ujira wa haki, na kwa mtu kuiheshimu kazi yake.

Hesabu ya tatu ndiyo bakshishi yenyewe. Hii si bei wala si ujira, ni hiba. Na hiba haidaiwi. Wahenga wetu wamesema: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Kwa hiyo jibu la asili ya suala ni jepesi: asiyetoa hana dhambi, ahudumiwe vizuri au vibaya. Wala mtumishi hana haki ya kusimama juu ya kichwa cha mlaji mpaka aone haya atoe, kwani wanavyuoni wamekataza mali inayochukuliwa kwa upanga wa haya kama wanavyokataza inayochukuliwa kwa nguvu. Na mzee wetu aliyetaka tutoe tusiitwe mabakhili, naye ayazingatie haya. Kutoa kwa kuogopa maneno ya watu si ukarimu, na kwakaribia riya.

Lakini kusema kwamba jambo halina dhambi si kusema kwamba ndilo lililo bora. Hapa ndipo tofauti yetu na yule ndugu mfanya biashara. Yeye aliifanya hiba kuwa mizani ya kumpimia mtumishi, na kila ashikaye mizani ameonywa. Sura ya Mutaffifina imeanza kwa kuwatishia wale ambao wakijipimia wao hutaka kujazwa, na wakiwapimia watu hupunguza. Sisi wenyewe twapenda kazi zetu zihukumiwe kwa udhuru wetu. Ya mtumishi twaihukumu kwa makosa yake. Anas bin Malik, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, alimtumikia Mtume miaka kumi, naye ameeleza kwamba katika muda huo hakupata kuambiwa neno la karaha, wala kuulizwa kwa nini amefanya hili au ameliacha lile. Na Mtume ametufundisha pia kwamba mtumishi atuleteapo chakula, ikiwa hatukumketisha ale pamoja nasi, basi tumpe japo tonge moja au mawili, kwa kuwa yeye ndiye aliyelivumilia joto lake. Angalieni sababu iliyotajwa: ni joto alilolivumilia, si uzuri wa mwendo wake.

Huenda mtu akasema: “Mkitoa sawa kwa mwema na mbaya, mwaharibu kazi, mwema atasema, nijitahidi kwa nini?” Neno hili lina uzito, wala hatulipuuzi. Jibu letu ni kwamba mwema aongezewe, na wala si lazima mbaya atwezwe. Na aliyekosea atengenezwe kwa ulimi, kwa upole na faragha, kwani kunyimwa hakumfundishi mtu kosa lake. Ukiondoka kimya bila ya kutoa, atafikiri umesahau, au wewe ni bakhili, au huna. Lakini ukimwita, “Kijana, maji ya kunawa yalichelewa, na ugali ulikuja nyuma, kuna nini leo?” utakuwa umempa nasaha na nafasi ya udhuru. Akiwa na udhuru, umemfahamu. Akiwa hana, akakujibu kwa kiburi au akataka kukudhulumu katika hesabu, hapo zuia, wala usione vibaya, na mwambie mwenye mkahawa. Ama kutupa shilingi katika mifupa, hilo halijuzu kwa hali yoyote, kwani zawadi imegeuzwa kuwa tusi, na kumdharau Mwislamu au mwanadamu yeyote si njia ya kumfunza.

Kuna mambo mawili zaidi ya kutahadhari. La kwanza: bakshishi itolewe baada ya kazi, na isiwe ya kununua haki ya mwengine. Anayempa mtumishi kitu ili aletewe chakula mbele ya waliotangulia ameingia katika jamaa ya rushwa, hata akiiita chai. Yajulikana khabari ya yule mtu aliyetumwa na Mtume kukusanya zaka, akarudi akasema hiki ni chenu na hiki nimezawadiwa mimi. Mtume akamkemea, akauliza kwa nini asingekaa nyumbani kwa wazazi wake aone kama zawadi hiyo ingemfikia. Mtumishi wa meza si mtoza zaka, lakini mizani ni ile ile: zawadi itakayompotosha mtu katika amana yake si zawadi.

La pili: soma hesabu yako. Mahoteli mengine huandika ada ya huduma. Sheria ya Kenya ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya mwaka 2013 inaitambua ada inayotozwa badala ya bakshishi, nayo haiingizwi katika kodi hiyo ikiwa haizidi asilimia 10 na inagawiwa wafanya kazi wenyewe. Iliyokwisha tozwa hivyo, hudaiwi tena. Lakini usiichanganye na ule ushuru wa utalii wa asilimia 2. Huo haumfikii mtumishi. Na pasipo na ada, ni vyema kumpa mtumishi mkononi mwake, au katika simu yake, kuliko kutia katika sanduku ambalo hujui ufunguo wake uko kwa nani.

Na sasa twawaelekea ndugu zetu wenye mikahawa, nao ni wengi katika miji yetu ya pwani. Sanduku lile ni amana. Wateja wametoa kwa nia ya mtumishi, nawe ukiitwaa, au ukailipia gilasi zako, umekula mali ya mtu kwa batili. Na mtumishi mmoja aliyebebeshwa meza za watatu akikosea, kosa la kwanza ni la aliyembebesha. Twalalamika kwamba vijana hawana adabu, na hali twawalipa siku tusiyoitaja.

Tulipokuwa tukirudi tulisimama tena Kitengela, katika mkahawa ule ule, tukamwulizia kijana. Tukaambiwa siku hiyo hakuja kazini. Hatukuweza kumtaka radhi. Yule mdogo wetu aliacha haki yake kwa mwenzake amfikishie, lakini alisema njiani, na sisi tukakubali, kwamba fedha hurudishika, na neno au tendo la dharau likishatoka halirudi.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wepesi wa kutoa, wazito wa kuhukumu, na atusamehe kunyamaza kwetu pale tulipopaswa kusema. Wallahu aalam.