Vitufe Vilivyofutika

Gari lililotumika lina mashahidi wawili wa umri wake. Wa kwanza ni tarakimu za dashibodi zihesabuzo kilomita. Wa pili ni vitufe: cha kushushia kioo, cha redio, cha kiyoyozi, cha taa za tahadhari. Tarakimu hurudishwa nyuma na mwenye hila kwa muda mfupi. Vitufe ni shahidi mkaidi zaidi. Kidole kigusacho mahali pamoja kila siku kwa miaka kumi hula rangi kama maji yalavyo jiwe. Na mnunuzi mwerevu, akiona tarakimu zadai kilomita 40,000 hali kitufe cha kioo cha dereva hakina tena alama, hujua mara moja amwamini shahidi yupi.

Kwa sababu hiyo kazi ya kutengeneza vitufe, ambayo katika gereji za uani za Kinondoni huhesabiwa kuwa kazi ndogo, ina ndani yake swali kubwa kuliko ujira wake. Magari yetu mengi hutoka Japani, kwa kuwa Wajapani, kama sisi, huendesha upande wa kushoto na usukani wao uko kulia. Kitufe chake kwa kawaida ni plastiki ipitishayo nuru, iliyopakwa rangi nyeusi, na alama imechongwa katika rangi hiyo ili taa iliyo nyuma yake iangaze usiku. Rangi ikilika, usiku huonekana doa la nuru lisilosema kitu. Vingine vimevikwa utando laini ambao joto na unyevu wa pwani huuvunja hata ukanata kama ulimbo. Fundi hubandua kifuniko, husafisha vigusio kwa spiriti, hukwangua, hupaka upya na kurudisha alama. Au hutafuta kitufe katika gari bovu lililofunguliwa spea. (Baadhi ya alama hizo ni maandishi ya Kijapani ambayo mwenye gari hakuyasoma kamwe. Yalipofutika hakupoteza kitu, na bado hulipa yarudishwe.)

Hapana lawama kwa mtu atengenezaye gari analolitumia mwenyewe. Mvua ya masika ikimkuta usiku barabarani na kioo kikafanya ukungu, ni haki yake kuona pa kubonyeza. Swali huja siku ile anapotaka kuuza.

Mrumi Cicero, katika kitabu chake juu ya wajibu alichokiandika mwaka 44 kabla ya Kristo, asimulia mabishano ya wanafalsafa wawili, Diogenes wa Babeli na Antipater wa Tarso. Mfanyabiashara apeleka nafaka Rhodes wakati wa njaa, naye ajua kuwa merikebu nyingine zaja nyuma yake. Je, aseme? Diogenes alishika kwamba kunyamaza si kuficha. Antipater, kwamba udugu wa wanadamu wadai neno lisemwe. Cicero aliegemea upande wa Antipater. Lakini mwuzaji wetu hakunyamaza tu. Rangi aliyoipaka yasema kwa niaba yake.

Karibu zaidi na jambo letu ni mfano wa fikihi, uliofundishwa na wanazuoni wa Kishafii wa pwani hii kwa vizazi vingi: mtu amfungaye mnyama chuchu bila kumkama, ili kiwele kijae siku ya mnada. Hakutamka uongo wowote. Hata hivyo mnunuzi amepewa hiari ya kumrudisha mnyama pamoja na pishi ya tende kwa maziwa aliyoyakama. Kiwele ndicho kilichosema uongo.

Yaweza kujibiwa kwamba nyumba nayo hupakwa chokaa kabla ya kupangishwa, wala hapana alalamikaye. Ni kweli, na sababu yake ni kuwa kila mtu ajua chokaa ni chokaa. Hapana aupimaye umri wa nyumba kwa weupe wa ukuta wake. Kitufe hupimiwa umri. Siku ambayo kila yadi itapaka vitufe, na kila mnunuzi akalijua hilo, udanganyifu utakoma, lakini shahidi atakuwa amekufa. Na ni wanunuzi wote, pamoja na wauzaji wakweli, watakaokuwa wamemzika.

Mimi naona kipimo ni chepesi. Mwuzaji na atamke sentensi moja: vitufe hivi vimepakwa upya. Bei isiposhuka, hakuchukua cha mtu. Ikishuka, tofauti ile ndiyo aliyokusudia kuichukua kwa kunyamaza. Fundi naye, aliyeletewa gari bila maelezo, hana hatia; aliyeambiwa, "Jumamosi linauzwa, lifanye lionekane halijatembea," amekwisha kuelezwa kazi yake ni nini, hata kama jioni watoto wangoja unga.

Limebaki jambo gumu kuliko hilo. Gari halikai kwa mnunuzi wa kwanza. Huuzwa tena Temeke, kisha Morogoro, na mwuzaji wa tatu huonyesha vile vitufe vyeusi, akaapa kwa moyo safi kwamba gari halikutumika sana. Yeye hadanganyi, naye amwaminiye anadanganywa.