Foleni ya Tunduma ni Mali ya Nani?

Nilifika Tunduma mwezi Juni, kwenye baridi ile inayopenya sweta, nikiwa na kalamu mbili na bunda la fomu. Kazi ilikuwa kibarua tu: kuhesabu malori yanayoelekea Nakonde, kuandika yamebeba nini na yamesimama tangu lini. Takwimu zingesaidia kupanga barabara "yenye akili". Ndivyo tulivyoelezwa kwenye semina ya siku moja, nasi tukatikisa vichwa.

Jambo lenyewe si ndoto. Tangu mwaka 2019 Tanzania na Zambia zina kituo cha pamoja mpakani, lori lisimame mara moja badala ya mara mbili. Mzigo wa transiti unaotoka bandari ya Dar es Salaam hufungwa lakiri ya kielektroniki, na safari yake huonekana kwenye skrini zaidi ya kilomita 900. Kinachobaki ni kuviunganisha: mizani, forodha, bandari na reli ya TAZARA vizungumze, na lori liitwe mpakani zamu yake ikifika.

Siku ya pili dereva mmoja mwenye mzigo wa mbolea aliniambia, "Andika siku nne, dogo. Na uandike mke wangu amejifungua jana, mimi niko hapa." Nikatafuta safu ya kuandika hilo. Niliandika: siku 4, mbolea.

Mtu akikupora simu utapiga yowe, na watu watakuja. Akikuchukulia siku nne za maisha yako, hakuna hata pa kuripoti. Kwa hiyo mimi si miongoni mwa wanaoicheka mitambo hii. Kumsubirisha mtu bila sababu ni kumdhulumu, hata kama hakuna aliyekusudia.

Lakini jioni nilikula wali maharage kwa mama lishe aliyeweka jiko lake kando ya matairi ya malori hayo hayo. Nilipomweleza kazi yangu alinyamaza kidogo, akageuza mkaa. "Sasa mwanangu, mkishaimaliza foleni, hawa watakula wapi?" Anasomesha watoto wawili kwa foleni hiyo. Jibu nilikuwa nalo: haifai dereva akae mbali na mtoto wake mchanga ili mwingine auze wali. Ni jibu sahihi, nadhani. Nilishindwa kulitamka nikiwa nimeshika sahani yake.

Kilichonisumbua baadaye hakikuwa swali lake, bali kwamba fomu yangu haikumjua. Na fomu haikuandikwa na Mungu. TAZARA, kilomita 1,860 za reli zilizojengwa miaka ya 1970 kwa mkopo wa China, inapita hapa kwa sababu kuna waliokataa fomu ya wakati wao. Benki ya Dunia iliona haitalipa. Nyerere na Kaunda walihesabu kitu kingine: Zambia isiyolazimika kupitisha shaba yake Rhodesia ya Ian Smith. Reli hiyo imepata taabu nyingi tangu hapo, sikatai, lakini uhuru uliingizwa kwenye hesabu.

Kuna na hili la zamu. Foleni, kwa ubaya wake wote, ina haki moja ambayo hata mtoto anaielewa: aliyetangulia atangulie. (Kwenye karatasi. Usiku mmoja niliona nafasi ikiuzwa.) Mtambo utapanga kwa njia nyingine: mwenye nyaraka kamili, mwenye rekodi nzuri, mzigo unaooza. Sawa. Lakini kampuni yenye malori mia itakuwa na rekodi hiyo kabla ya mzee mwenye lori moja alilonunua kwa pensheni. Akirudishwa nyuma na mtu, atabishana naye. Akirudishwa na mtambo, abishane na nani? Mimi ningeukubali kwa sharti kwamba sababu ya kila zamu iandikwe mahali dereva anaweza kuisoma, kwa Kiswahili, na awepo mtu wa kumjibu.

Siku ya mwisho nilirudisha fomu. Msimamizi alizipekua, akasimama kwenye moja niliyojaza pembeni: mtoto kazaliwa, mama lishe, watoto wawili, mzee, lori moja.

"Haya ya pembeni," akauliza, "niyaingize safu gani?"